Pa Kuchezea Watoto

Mimi ndiye ninayeandika vipeperushi vya kampuni moja ya viwanja hapa Sofu, na nilijiona fundi kwelikweli. Kiwanja cha Kisarawe sikwenda kukiona. Niliandika nikiwa ofisini, natazama picha kwenye simu: uwazi uliofagiliwa vizuri chini ya mikorosho, na mawe yamepangwa mawili mawili. Nikaandika, "Hapa watoto wako wamepata pa kuchezea." Bosi akanipa mkono.

Jumamosi tukapeleka wateja. Watoto wa mama mmoja wakakimbilia pale pale, wakawa wanaruka yale mawe. Mzee mmoja akatoka shamba la jirani, jembe begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba taratibu, akauliza ile karatasi aliyoshika yule mama imeandikwa nini. Nikamsomea mwenyewe, tena kwa sauti ya matangazo, mpumbavu mimi. Kwetu Njombe kaburi lina saruji na msalaba. Sikujua kuna watu wanaoweka mawe mawili tu, kichwani na miguuni.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wajukuu zangu wawili wamo humo, mwanangu," akasema. "Hawachezi."