Nilifunga mlango wa reli ya ghala nyumbani Tegeta kwa kuogopa bawaba, mama mkwe akaondoka na mke wangu

Wakuu, salaam kwa wote, wa mjini na wa pembezoni.

Nianze na jambo ambalo mie, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokitafuta kwa masomo ya jioni, niliwahi kuliamini kabisa kabisa. Niliamini kwamba wezi wanapuliza dawa ya usingizi kwenye bawaba za mlango.

Sio dirishani. Sio kwenye tundu la ufunguo. Kwenye bawaba!

Maelezo yake ni kwamba bawaba ni chuma kinachokunjika, kwa hiyo kina pumzi. Dawa ikishaingia pale, mlango unalegea, unafunguka wenyewe bila kelele, na nyie mliomo ndani mnalala kama magunia ya mkaa.

Msicheke bado.

Ninayoyaandika ni ya kweli tupu. Pale nitakapoongeza chumvi mtajua wenyewe, maana tabia hiyo sijawahi kuiacha.

Ilikuwa enzi za ruksa, miaka ya tisini mwanzoni. Mitumba ilishaingia, kila mtu anauza kitu, na mashirika ya umma yanakufa moja baada ya jingine. Mie nilikuwa karani kwenye duka la spea Kariakoo, nimejenga kibanda changu Tegeta. Tegeta ya wakati ule sio hii ya foleni. Ukimwambia mtu unaishi Tegeta alikuwa anakupa pole.

Nyumba ilikuwa sebule na vyumba viwili. Mlango wa mbele niliununua kabla sijajua habari za bawaba. Vyumbani tulitundika mapazia.

Aliyenipa elimu ya bawaba anaitwa Mapunda, tulikaa dawati moja kwenye masomo ya jioni pale Kinondoni. Jamaa alikuwa anaeleza mambo vizuri kuliko mwalimu wetu wa fizikia. Wakati huo jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa ameibiwa radio, baiskeli, na sufuria ya wali pamoja na wali wenyewe. Mlango haukuvunjwa. Yeye mwenyewe akiulizwa anasema tu, "Tulilala, tukaamka, vitu hakuna."

Mapunda akaja kukagua kama mpelelezi.

"Umeziona bawaba zake?"

"Nimeziona."

"Zina mafuta?"

"Zina mafuta."

"Mafuta gani yale, msomi?"

 Tangu siku ile nikawa naogopa bawaba kuliko ninavyomwogopa mbwa koko.

Sasa ishu yenyewe.

Mke wangu Rehema alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza, mimba imekaribia. Kwao ni Kilosa. Mama yake akatuma ujumbe kwamba anakuja kumwangalia mwanawe. Akikuta pa kukaa, atakaa mpaka mtoto azaliwe na atoke arobaini. Asipokuta pa kukaa, atamchukua binti yake akajifungulie nyumbani.

Wakuu, mie nilitaka mwanangu azaliwe nikiwepo. Nilikua bila baba, sina hata picha yake moja. Nilijiapiza kwamba mtoto wangu akilia kilio cha kwanza niwe nje ya mlango nasikia. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Na "pa kukaa" kwa mila za kina Rehema kuna maana yake. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, haongei naye moja kwa moja, na hawalali nyumba moja kama kati yao hakuna mlango. Pazia halihesabiki. Najua humu wapo wenye mila kama hiyo, mtanielewa.

Rehema akaniambia kwa upole, "Baba, mama anataka mlango. Nenda kwa fundi Chande, anao umeshakamilika."

Kweli Chande, seremala wa mtaani kwetu, alikuwa na mlango wa mninga ambao mteja wake aliukimbia. Mlango mzuri, una komeo la ndani na bawaba tatu.

Niliposikia tatu, nikajisemea hapo wezi wametengewa matundu matatu ya kupulizia dawa. Na anayelala humo ni mama mkwe!

Nikamwambia Chande, "Mie nataka mlango usio na bawaba."

Akanitazama. "Utauegemeza ukutani?"

"Utatembea kwenye reli."

"Haya, bwana inginia. Mie nipo."

Wapi nilipata wazo? Kuna ghala moja la shirika lililokufa lilikuwa linabomolewa, vyuma vinauzwa kwa wapita njia. Milango yake ilikuwa ile mikubwa ya kusukuma, inaning'inia juu kwa magurudumu na kutembea kwenye reli. Haina bawaba hata moja! Niliposimama pale niliona kama nimeonyeshwa njia.

Nikanunua kipande cha reli, magurudumu mawili na bolti zake. Ile reli, wakuu, ungeweza kupitisha treni ya Kigoma na mabehewa yake ya mizigo. Nilivyoileta kwa mkokoteni mtaa mzima ulitoka nje. Nami sikuwanyima maelezo, nikawafundisha habari za msuguano na mvutano mpaka watoto wakasinzia.

Mlango wenyewe niliuunga kwa mbao za makasha, nene kama godoro. Nikatoboa lenta, ule mhimili wa zege juu ya mlango, nikafunga reli upande wa sebuleni. Nikasukuma mlango kwa kidole kimoja, ukateleza. Jamani, raha niliyoisikia! Nilisukuma nikarudisha mpaka Rehema akasema kichwa kinamuuma.

Makosa yangu yalikuwa mawili na nayataja hapa ili mtu asirudie.

La kwanza, sikutumia pima maji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa. Nilipima reli kwa jicho. Jicho la mtu aliyefaulu hesabu nililiona linatosha. Kumbe reli ilikuwa imeinama upande wa kufungukia, kwa hiyo mlango ukiuacha wenyewe unajisogeza polepole kwenda kufunguka.

Hilo nililigundua, sikatai. Nikaweka tofali chini kwa upande wa ndani ili liushike ukiwa umefungwa. Nikaliita teknolojia ya muda.

La pili, mwisho wa reli sikuweka kizuizi chochote. Pale ghalani palikuwa na vipande vya chuma vimechomelewa kwenye ncha. Mie niliona ni uchafu wa welding, nikavikatisha.

Mama mkwe akafika Jumamosi asubuhi kwa treni. Mwanamke mrefu, mkimya, kajifunika khanga mpaka nyusi. Nikamwamkia nikiwa nimetazama nguzo ya baraza. "Shikamoo mama." Akaiitikia ile nguzo. Basi, heshima imekwenda sawa.

Akaingia chumbani kwake. Rehema akaja barazani anatabasamu, akanambia kwa sauti ya chini, "Amesema anakaa. Ameuliza tu kwa nini mlango ni kama wa ghala."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ukweli, kwamba unaogopa bawaba. Ameomba ufagio."

Sikujali. Amesema anakaa! Nikamtuma mtu dukani kuleta soda.

Mchana majirani wakaja kumpongeza Rehema kwa ugeni. Wanaume tukakaa sebuleni, Mapunda akiwemo na hadithi zake. Rehema alikuwa kwenye kiti karibu na ukuta, chini ya ncha ya reli, kwa sababu ndipo penye upepo. Mama mkwe alishaoga, yuko chumbani anabadilisha nguo, mlango umefungwa.

Ambalo sikulijua ni kwamba yule mama ni msafi sana. Alipofagia chumba alikuta tofali sakafuni. Akashangaa tofali linafanya nini ndani ya chumba cha watu, akalitupa nje kwa dirisha kabla hajaenda kuoga, kwa hiyo sasa hakukuwa na cha kuushika mlango.

Tukasikia grrrrrr.

Mapunda akasema, "Treni imerudi?"

Mlango ulikuwa unafunguka wenyewe. Mwanzo taratibu, halafu ukachangamka. Nikaruka kutoka kwenye kiti. Nilikuwa nakimbilia kuufunga, wallahi, sikuwa na jingine akilini. Lakini gurudumu la mbele likafika mwisho wa reli, likakuta hakuna kizuizi, likaendelea na safari. Mlango ukaning'inia upande mmoja, unaangukia pale alipokaa Rehema na tumbo lake.

Nikaukumbatia. Nikaubeba kwa kifua.

Na mwili wangu ulivyogeuka, uso wangu ukawa umeelekea moja kwa moja ndani ya chumba.

Nilichokiona sitakiandika. Mama mkwe alikuwa hajamaliza kuvaa. Inatosha.

Neno la kwanza ambalo mama mkwe wangu alinitamkia maishani lilikuwa: "FUMBA MACHO!"

Nikafumba. Huku Rehema analia, "Usiachie!" Majirani wanagombana nani aje kunisaidia, maana kila anayesogea na yeye anaona chumbani. Mmoja anakuja kinyumenyume, kajikwaa kwenye kreti la soda. Mapunda, Mungu amsamehe, alikuwa amekaa chini anacheka mpaka hatoi sauti.

Mie nimesimama pale, nimekumbatia mbao za makasha, macho nimeyafumba, jasho linanitiririka mpaka kwenye kope. Sijui ilikuwa muda gani. Kwangu mie ilikuwa mwaka mzima wa masomo ya jioni.

Aliyeniokoa ni Rehema mwenyewe. Aliinuka na tumbo lake, akavuta khanga kwa mtu, akaizuia mbele ya uwazi wa chumba kama pazia. Yaani tulirudi kwenye pazia. Ndipo wanaume wakausogelea mlango, tukaulaza chini.

Hakuna aliyecheka tena. 

Mama mkwe hakulala kwangu. Jioni ile alipokelewa na mke wa yule jirani yangu aliyeibiwa. Asubuhi akamtuma mtu aje kuchukua begi lake, na la Rehema.

Nilimkuta Rehema anakunja nguo ndogo ndogo za mtoto. Nikaanza kujieleza habari za kizuizi na pima maji. Akaniinulia mkono.

"Nilikuomba mlango. Hukuniwekea mlango, umeniwekea maonyesho."

Nikawasindikiza mpaka stesheni, mie nyuma kabisa nimebeba mabegi, natembea nimeinamisha kichwa. Mama mkwe hakugeuka hata mara moja.

Mwanangu alizaliwa Kilosa. Habari nililetewa na mtu aliyekuja Dar kufuata mzigo wake, akanikuta dukani nahesabu fan belt. Akasema, "Hongera, una binti," akaondoka. Nikaingia stoo, nikakaa juu ya boksi.

Kilio cha kwanza sikukisikia, wakuu. Huyo binti sasa ni mama wa watu, na kila akinipigia simu nakumbuka hilo.

Yule fundi Chande sikupita tena mbele ya kibanda chake kwa muda mrefu, nilikuwa nazungukia makaburini. Siku tuliyokutana uso kwa uso hakunisema. Aliniuliza tu, "Mama watoto hajambo?" Bora angenitukana.

Nilipoenda Kilosa kuona mtoto na kuomba radhi, nilibeba doti ya khanga na mbuzi wa faini, kama mila zao zinavyotaka kwa mkwe aliyevunja heshima. Nikaketishwa nje, nyuma ya ukuta wa jiko. Mama mkwe akiwa upande wa pili anapepeta mchele. Ndugu wa Rehema wakaletewa mbuzi, wakampokea. Kisha yule mama, ambaye ukiacha ule ukelele wake wa nifumbe macho hakuwahi kuninenea kitu, akasema nami kupitia ukutani. Maneno yake nimeyaweka mwisho kabisa, maana baada ya hayo sina cha kuongeza.

Funzo nililolipata ni dogo. Mtu wako akikuomba kitu cha kawaida, mpe hicho hicho cha kawaida. Na ukiamua kufunga mlango wa kusukuma, siku hizi naona vijana wanaupenda na vifaa vyake vinauzwa vimekamilika dukani, basi pima maji utumie, na ncha za reli uweke vizuizi. Wala msivikate.

Uwanja ni wenu. Mwenye uvumi wake aliouamini mpaka ukamtoa nishai autupie hapa, nisibaki peke yangu. Wa kunicheka acheke, nimeshazoea. Ila msiniulize niliona nini.

Haya ndiyo aliyoniambia mama mkwe kupitia ukuta wa jiko, taratibu, bila hasira, huku ungo haujasimama:

"Baba, siku ile nililala kwa jirani yako aliyeibiwa. Mkewe kaniambia walisahau kufunga komeo, wakaona aibu kusema. Bawaba haipitishi dawa. Bawaba inashika mlango tu. Ungeweka mlango wa kawaida, ningekaa."