Mpagazi Aliyeshukia Bwawani

Eliona Munisi wa Machame alibeba mizigo ya wageni mlimani kwa miaka ishirini na mbili. Mwaka juzi, akiwa anashuka na hema la watu wanne kichwani, goti lake la kulia lilikataa kabisa. Wenzake walimteremsha kwa machela mpaka getini. Daktari aliitazama picha ya goti kwa muda mrefu, kisha akamwambia kwamba shambani anaweza kutembea, lakini mzigo wa mlimani ndiyo basi.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alirudi kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, akawa anakata majani ya ng'ombe wawili wa mkewe. Saa nne asubuhi kazi ilikuwa imekwisha. Mkewe, Digna, alikuwa akimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anautazama mlima.

"Baba Brenda, mlima hauhami," alimwambia siku moja. "Tafuta kitu kingine cha kutazama."

Kitu hicho kilikuja na Faustin, kijana wa usharika wao aliyekuwa ameanza kuongoza wageni. Alikuja kuomba auziwe vifaa vya mlimani: buti, koti zito, begi la kulalia.

"Shikamoo, mzee. Pesa sina," alisema kabla hata hajakaa. "Lakini nina kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja. Hoteli moja ya ziwani ilipofungwa, meneja alinipa. Iko nyuma ya nyumba, kuku wanalala ndani yake."

Eliona alicheka. "Mchagga na maji, wapi na wapi?"

"Lakini fikiria, mzee. Kayaki ni kazi ya mikono na mgongo. Miguu unanyoosha tu. Na pale bwawa la Nyumba ya Mungu kuna perege."

Maneno yale, miguu unanyoosha tu, yalimkaa kichwani siku nzima. Kesho yake alizitoa buti zake, akazisugua matope kwa mswaki, akazipaka mafuta kana kwamba anapanda nazo asubuhi ile. Akamkabidhi Faustin kila kitu.

Kayaki ilipofika, ndefu na ya rangi ya chungwa, Digna aliizunguka mara mbili.

"Wewe hujui kuogelea," alisema.

"Nitavaa boya."

"Mto Kikafu tu unauvuka darajani umefumba macho! Hiki kitu hakitoki hapa mpaka uogelee nikuone."

Ndivyo Eliona alivyojikuta Jumamosi moja kwenye bwawa la kuogelea mjini Moshi, ameshikilia ukingo kwa mikono miwili. Mwalimu wake, Joyness, angeweza kuwa binti yake.

"Shikamoo, baba. Achia mkono mmoja."

"Marahaba. Nikiachia nitazama."

"Maji yanakufika kifuani, baba."

Alikunywa maji ya bwawa lile kwa wiki tisa. Wiki ya nne alielea. Wiki ya saba alivuka upande hadi upande, Digna akiwa amekaa kwenye benchi na kitenge chake, akimtazama kama mtahini. Kisha Joyness akamwomba alete kayaki yenyewe. Alimpindua nayo kwa makusudi na kumfundisha kurudi: unaigeuza ikae sawa, unalala kifudifudi juu yake kama gogo, unapiga miguu, unajivuta mpaka tumbo likae katikati, halafu unageuka taratibu na kuketi. Mara saba alianguka tena. Mara ya nane aliketi. Wakarudia mpaka mwili wake ukazoea bila kuuliza kichwa.

"Na kasia ulifunge kwa kamba kwenye kayaki," Joyness alimsisitiza. "Ukilipoteza, umebaki na beseni."

Vifaa vingine alivipata kidogo kidogo. Jaketi la kuokolea alilikuta kwenye mitumba, zima ila vifungo, na fundi cherehani wa Majengo akamshonea vipya vyenye nguvu kuliko vya mwanzo. Amon, fundi bomba wa mtaa uleule, alipasha moto mabomba mawili ya plastiki, akayakata na kuyafunga nyuma ya kiti ili yashike fimbo za kuvulia. Nanga ilikuwa kipande cha chuma cha gari bovu. Leseni ya uvuvi aliifuatilia mwenyewe mpaka akaipata. Minyoo ya chambo haikumsumbua: alichimbua samadi nyuma ya zizi la Digna, ikatoka minene, myekundu.

Siku ya kwanza Amon alimpeleka bwawani kwa pikapu yake. Wavuvi waliokuwa wakianika nyavu mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, waliacha kazi kutazama.

"Mangi, hilo chungwa lako unalipeleka wapi?" aliuliza mmoja wao, Yohana, mvuvi wa miaka mingi mwenye ndevu nyeupe.

Walicheka, na Eliona, aliyezoea Wachagga kuitwa mangi, yaani chifu, akacheka nao. Kisha akauliza anachotaka kujua: samaki wako wapi, hatari iko wapi. Yohana akaacha mzaha. Alimwonyesha matete ambayo viboko hupitia, akamwonyesha visiki vya miti chini ya maji.

"Na saa sita uwe nchi kavu. Upepo wa hapa haupigi hodi."

Eliona aliyasikia yote, lakini majini aliyasahau. Mara ya kwanza baada ya mwaka mzima alikuwa anakwenda mahali kwa nguvu zake mwenyewe, na hakuna kilichouma. Alipiga kasia, akapumzika, akapiga tena. Saa sita ikapita. Upepo ulipokuja, wimbi la pili lilimpiga ubavuni, akapinduka.

Alizama, akaibuka, akatema maji. Kisha mikono yenyewe ikaishika kayaki. Aliigeuza ikae sawa, akalala kama gogo, akapiga miguu, akajivuta, akageuka, akaketi. Kasia lilikuwa linaelea kwenye kamba yake. Yohana, aliyekuwa ameshaurukia mtumbwi wake na kupiga makasia kama mwendawazimu, alimkuta ameketi anahema.

"Umefanyaje?"

"Nimepanda," alijibu Eliona.

Fimbo zote mbili zilikwenda na maji, pamoja na ndoo ya samaki na simu. Nyumbani alimweleza Digna ukweli wote, hakuficha hata saa sita. Digna aliendelea kumenya ndizi.

"Kitu gani kilibaki?"

"Kasia. Nililifunga."

"Basi na vingine vifungwe."

Jioni ile walikaa wawili kibarazani wakisokota kamba. Amon akatengeneza upya vishikio vya fimbo mpya, safari hii vikiwa na vitanzi. Simu mpya, ya batani, iliingia ndani ya chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza.

Wiki tatu baadaye Eliona alirudi bwawani, akaingia majini alfajiri, na saa tano na nusu alikuwa mwaloni. Alileta nyumbani perege tisa na kambare mmoja aliyekuwa bado anakunja mkia. Digna aliwapika wanne kwa ndizi na bilinganya. Majirani wawili waliokuja kusalimia walibaki mpaka sufuria ikakwanguliwa, wakauliza anakwenda tena lini. Sasa anakwenda Jumanne na Ijumaa, na samaki wake wana wenyewe kabla hajawavua.

Mwezi uliopita Yohana alimvuta pembeni mwaloni.

"Mangi, lile jaketi lako," alisema kwa sauti ya chini. "Mitumbani lingine linaweza kupatikana?"

Eliona alimletea la rangi ya bluu, limeshonwa vifungo vipya. Siku ya kwanza Yohana alilivaa ndani ya shati, watu wasimcheke. Alionekana kama mtu aliyenenepa usiku mmoja. Lakini jua lilipopanda joto likamshinda, akavua shati, akaendelea kutega nyavu zake na bluu ile kifuani, mbele ya mwalo mzima.