Nilisaka bima ya umiliki wa nyumba isiyo na hati njia ya Mlali: gharama nilizolinganisha na ile niliyoisahau

Wakuu, heshima kwenu wote, pamoja na nyie mnaosoma mkiwa kazini na kujifanya mko bize.

Hili limenikuta mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi, mvua ya Uluguru inikute nimeanika tofali.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa friji hapa Morogoro mjini. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili kwa mama mwenye nyumba ambaye akisikia harufu ya samaki wa kukaanga anakuja kukumbushia kodi. Choo ni cha foleni.

Sasa mama yangu mzazi alibaki Tabora peke yake. Baba alishatangulia, na magoti yanamsumbua. Nikampigia nikamwambia mama, vumilia, nanunua nyumba, ukija huku unafikia kwako.

Nilisema "kwako" kwa mapenzi tu. Sikujua kuna siku nitashikiliwa hapo hapo.

Nyumba nikaipata kupitia dalali, njia ya Mlali, chini ya mlima kabisa. Vyumba vitatu, bati zima, migomba nyuma, maji yanashuka yenyewe kutoka juu. Muuzaji ni mzee mpole, tumwite Mzee Mloka, anataka kuhamia kwa mwanawe Kingolwira. Hati hakuna. Huko ni karatasi ya mauziano na mashahidi, basi.

Hapo usomi wangu wa mtandaoni ukaniponza. Nilishasoma kwamba wenzetu huko nje wana bima ya umiliki. Unalipa mara moja siku ya kununua, akitokea mtu kudai nyumba ni yake, kampuni inapambana naye wewe umelala. Na wanalinganisha bei za kampuni kama sisi tunavyolinganisha vifurushi vya intaneti. Nikasema na mimi nilinganishe.

Nikaingia ofisi moja ya bima mjini. Dada wa mapokezi akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa kaka, na gari ni aina gani?"

Ofisi ya pili wakanipa bei ya bima ya moto. Mimi moto siuogopi, naogopa watu.

Nikatengeneza ulinganisho wangu wa kienyeji.

Ofisi ya ardhi ndiyo nafuu, ada ya kupekua kumbukumbu ni ndogo. Ila eneo halijapimwa, kwa hiyo ningelipia kuambiwa hakuna kitu. Wakili anataka asilimia ya bei ya nyumba, ukimwomba apunguze anaangalia saa. Mwenyekiti wa kitongoji naye ana asilimia yake, haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua. Dalali akasema neno lake linatosha, na ni bure.

Rafiki yangu mmoja wa gereji akanishauri kuna mtaalamu anazindika kiwanja kwa mbuzi, mdai akifika anasahau alichofuata. Kwa bei alikuwa katikati ya mwenyekiti na wakili. Siwadanganyi, nilimfikiria.

Mwisho nikachukua wakili pamoja na mwenyekiti. Full package.

Wakili ni kijana wa Kagera, msafi, kiatu kinang'aa. Akasema tuibane familia nzima ya muuzaji wasije wakaleta maneno baadaye. Akaita watoto wote wa kiume wa Mzee Mloka, na wadogo wa marehemu baba yake. Mimi Mnyamwezi, yeye Mhaya, wote tukatikisa vichwa kwamba familia ndiyo hiyo. Wakaja, wakasaini, wakapiga picha, wakala pilau. Mwenyekiti akagonga muhuri kwa nguvu kama anaua mende.

Nikalipa karibu hela yote. Nikarudisha funguo za vyumba nilivyopanga, tena kwa maringo. Mama akapanda treni Tabora.

Siku ya kuhama nikakodi kirikuu, nikapakia, mke wangu amekaa mbele na TV mapajani. Tunafika, tunakuta barazani kina mama wamekaa wanamenya ndizi. Hawana haraka. Katikati yuko bibi mmoja mdogo wa umbo, kajitanda kaniki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu mgeni."

Hilo la mgeni sikulipenda.

Kumbe ni dada mkubwa wa Mzee Mloka. Nikamtolea mkataba wangu uliofanyiwa lamination. Hakuugusa. Akauliza tu, waliosaini ni kina nani? Nikamtajia.

"Hao watoto wana kwao, kwa mama yao," akasema. "Na hao ndugu wa baba yetu nao wana kwao. Ardhi hii ya mama yetu. Kaka yangu alikuwa anakaa tu. Weye umeomba ruhusa kwa wageni."

Kwa msiojua, wakuu. Waluguru ukoo wanaufuata kwa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanaume analima, anajenga, na akifa inarudi kwa dada zake na wapwa zake. Watoto aliowazaa yeye wanahesabiwa kwa mama yao.

Yaani nilikusanya watu wote wasiohusika na ile nyumba, nikawalisha pilau.

Nikamgeukia Mzee Mloka, yuko kwenye migomba anaangalia mlima. "Nilidhani mwanasheria anajua," akasema. Hela yangu alishaanza kujengea Kingolwira.

Nikampigia mwenyekiti. "Ulitaka muhuri, nikakupa muhuri. Ya ukoo hukuniuliza."

Wakili akasema twende baraza la kata, na akaanza kunitajia gharama mpya.

Niliogopa, wakuu. Vyumba vyangu mjini vilishapata mtu. Mama yuko njiani na mabegi yake yote, anajua anakuja kwake. Nikachuchumaa mbele ya yule bibi nikamwomba kama mtoto.

"Mimi siongei nyumba na mwanaume," akasema. "Una mama?"

"Ninaye bibi. Yuko kwenye treni."

"Basi tumsubiri."

Wakatupa chumba kimoja tulale. Ugeni kwenye nyumba niliyoilipia.

Kesho yake nikampokea mama stesheni, tukapanda bajaji nikamweleza yote. Nilitegemea atalia. Akauliza, "Ulimwendea mtu mzima mikono mitupu?" Akasimamisha bajaji dukani, akanunua sukari na doti ya kanga. Hela yake ya nauli ya kurudi.

Tulipofika bibi akamwangalia kuanzia miguuni. "Wanyamwezi. Babu zenu walipita hapa na mizigo ya watu vichwani. Leo mmeona mbebe na nyumba."

Mama akaketi mkekani, akanyoosha magoti yake. "Tulipita tukawaona mnalima ukutani kama mbuzi. Narudi leo, bado hamjashuka."

Utani wa zamani ule. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kaniki. Halafu wakatufukuza, mimi na Mzee Mloka, tukakae kwenye migomba.

Lakini masikio yangu hayakufukuzwa. Nilimsikia mama akisema jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwamba baba alipokufa, baba zangu wadogo walikuja kugawana mpaka kitanda. Kwamba tangu aolewe hajawahi kukaa mahali ambapo mtu hawezi kuja kumwambia toka. Wakati ule mimi nilikuwa huku mjini nahangaika na friji za watu, nikimpigia naambiwa hajambo.

Bibi akaikunjua ile kanga, akamfunika mama magoti. Kisha akaniita.

Akasema ukoo umekubali. Yeye na wanawe wataweka dole gumba, mauziano yataandikwa upya. Ila jina la mnunuzi liwe la mama. "Tukikuandika weye, kesho ukifa watakuja wale waliobeba kitanda."

Nikamwangalia mke wangu anitetee. Akasema, "Mimi naona bibi yuko sahihi."

Kwa hiyo wakuu, hela yangu, kirikuu nilikodi mimi, na kwenye mkataba mpya mimi ni shahidi. Tena wa mwisho. Dada yangu aliyeolewa huko huko Tabora, naye mtoto wa mama, ameshapiga simu kuuliza vyumba vina ukubwa gani.

Mnaotaka kununua huku, wakili mlipeni, muhuri gongesheni, sizuii. Ila kabla ya yote ulizeni eneo ni la mama wa nani, halafu nendeni kwake na sukari. Katika kinga zote nilizolinganisha hiyo ndiyo ya bei ndogo, na ndiyo peke yake iliyolipa.

Mama analala mpaka jua linatoka. Sijawahi kumwona analala hivyo.

Mliokutana na ardhi za ukoo, Moro au kwingine, leteni visa vyenu tujifunze. Mwenye namba ya yule mtaalamu wa mbuzi akae nayo.

Nitajibu comment zenu baadaye kidogo. TV bado iko sakafuni, na nimeambiwa nisipigilie msumari ukutani mpaka nimwombe mwenye nyumba, naye amelala.