Msamaha Ambao Hatukuulizwa

Dada yangu alinipigia nikiwa Zhongda, soko la vitambaa hapa Guangzhou, nimebanwa katikati ya majora ya vitambaa, namtafsiria mteja wangu Mkongo aliyekuwa anabishana na muuzaji juu ya rangi ya kijani. Mteja anataka kijani cha sampuli. Muuzaji anaapa kuwa hicho ndicho. Nilipokea simu nikidhani ni jambo la dakika moja.

"Yule mzee amekubali kuzungumza na sisi," dada akasema.

Sikuuliza mzee yupi. Katika familia yetu, nusu iko Morogoro na nusu Afrika Kusini, na "yule mzee" ni mmoja tu: askari wa polisi ya usalama ya makaburu aliyemuua baba yetu.

"Kuzungumza nini?"

"Anataka kutuomba msamaha."

"Si alishapewa?"

Dada akashusha pumzi. Ananizidi miaka kumi na mmoja, na tangu tulipofahamiana ukubwani amekuwa na subira na mimi kuliko ninavyostahili. "Usianze," akasema. "Mimi nataka mifupa. Yeye ndiye anayejua ilipo. Kama njia ni hiyo, basi nitakaa nimsikilize, na wewe utakaa."

Baba alikuwa mpigania uhuru. Alimwacha mke na binti kwao, akaja kuishi Morogoro katika kambi ya wakimbizi wa Afrika Kusini, akitengeneza malori. Mama alikuwa mpishi hapo kambini. Mimi nilikuwa natambaa baba alipotumwa kurudi kusini. Alikamatwa akiwa bado hajafika kwa mkewe, na hakuonekana tena.

Makaburu walipoondoka madarakani, serikali mpya iliunda tume. Askari aliyeua kwa sababu za siasa angeweza kwenda mbele yake, aseme ukweli wote, na asishtakiwe. Hakutakiwa kujuta. Hakutakiwa hata kuwatazama ndugu wa marehemu. Sheria ya kule ina neno lake kwa jambo hilo, lakini redio yetu ililiita msamaha, na hapo ndipo mgogoro wa mama ulipoanzia.

Nilikuwa kidato cha pili. Mama alikuwa anachambua mchele, ungo mapajani. Mtangazaji akasema askari waliohusika na mauaji ya wapigania uhuru kadhaa, akamtaja na baba, wamepewa msamaha. Mama akainua kichwa.

"Nani kawasamehe?"

Nikaongeza sauti ya redio.

"Nakuuliza wewe, si unasoma? Nani kawasamehe? Mimi mbona sijaulizwa?"

Akaenda kwa jirani kuhakikisha kama naye kasikia vile vile. Akarudi, akakaa, akachambua mchele ule ule ambao alikuwa ameshaumaliza. Wiki nzima alikuwa anasimama ghafla katikati ya kazi na kusema, "Sijaulizwa," kama mtu aliyerukwa kwenye foleni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari wakala wa mizigo hapa Guangzhou, nilisoma mtandaoni maelezo ya yule askari mbele ya tume. Alikumbuka kwamba gari lao lilikuwa na klachi mbovu. Alikumbuka kuwa baba aliomba maji mara mbili. Alipoulizwa walimzika wapi alisema ni shambani, upande wa mpakani, zaidi ya hapo hakumbuki. Tume ikaridhika kuwa amesema ukweli wote. Nilizima kompyuta nikaenda kugombana na mtu wa ghala juu ya jambo ambalo hata halikuwa kosa lake.

Sasa, tukiwa kwenye treni ya chini ya ardhi kurudi mtaani Xiaobei, nilimsimulia mteja wangu. Ni mama wa makamo kutoka Lubumbashi, mtu wa kanisa, tumefanya kazi pamoja miaka saba. Alinisikiliza huku amekumbatia mfuko wa sampuli.

"Bon," akasema. "Muzee anaomba pardon. Dada, unapashwa kumupatia. Si juu yake, juu yako weye. Moyo itapumuzika."

"Moyo wangu haujachoka, mama. Nataka kujua alipo baba."

"Umusamehe kwanza, Mungu ataonyesha."

"Mungu hakuwa kwenye lile gari. Mzee alikuwemo."

Akapiga ishara ya msalaba na kutazama pembeni. Lakini siku ya kukutana na mzee kwa mtandao ilipofika, alikuja ofisini kwangu, jengo la Tianxiu, bila kuitwa, akavuta kiti, akakaa mahali ambapo kamera haimwoni.

Mkutano ulipangwa saa nne asubuhi ya kwao, saa kumi jioni ya hapa. Mchungaji aliyekuwa msuluhishi alitutumia ratiba. Sala. Maneno ya mzee. Majibu ya familia. Muda wa ukimya. Sala ya kufunga. Hakukuwa na mstari wa maswali. Nilimwandikia kuuliza maswali yatakuwa saa ngapi, akajibu kwamba hatua hii ni ya uponyaji.

Programu waliyochagua haifunguki China bila VPN, na yangu siku hiyo ilikuwa inakatika kila dakika tano. Nilikosa sala ya kwanza yote. Niliporudi, mzee alikuwa ameshaanza. Niliona sura yake vipande vipande kwanza, kisha nzima: mtu mwembamba, sweta la rangi ya kahawia, kifaa cha kusikilizia sikioni, na binti yake akinyoosha mkono mara kwa mara kuirekebisha kamera. Ukumbini, nje ya mlango wangu, watu walikuwa wanafunga katoni, na ile sauti ya utepe wa gundi ukivutwa iliingia kwenye kila sentensi yake.

Alizungumza kirefu, kwa Kiingereza. Alisema halali vizuri. Alisema mkewe alimwacha. Alisema walidanganywa na wakubwa wao, nao wakubwa wamekufa na pensheni zao. Dada alikuwa kwenye kidirisha cha pembeni, ameshika leso, hajaitumia. Nilimwona akikubali kwa kichwa, si kwa sababu anakubali bali kwa adabu, na adabu yake ile ilinikera kuliko maneno ya mzee.

Mwishowe mzee akasema, "Nauliza kama mnaweza kunisamehe."

Mchungaji akasema, "Tumpe dada mkubwa nafasi."

Dada akaikunja leso.

"Ulimzika wapi?" nikauliza mimi.

"Mwanangu," mzee akaanza.

"Mimi si mwanao. Ulimzika wapi?"

"Niliiambia tume. Ni muda mrefu, sikumbuki."

"Mlitoka wapi na lile gari lenye klachi mbovu?"

Akashtuka. Nadhani hakujua kwamba kuna mtu amesoma maelezo yake. Akaitaja kambi yao.

"Lami mliiacha wapi?"

Mchungaji akaingilia, akasema kwa upole kwamba mambo haya yana hatua yake, si leo. Nikamwambia asubiri. Kazi yangu ni kutafuta mizigo ambayo kila mtu anaapa kwamba hajaiona, na ninajua kwamba mtu anayesema hakumbuki hupaswi kumwuliza jambo lote kwa mkupuo. Unamwuliza kona.

"Kulia au kushoto?"

"Kushoto," akasema. "Kulikuwa na kituo cha mafuta, kisha kushoto."

"Kisha?"

"Lango la mifugo. Nilishuka mimi kulifungua."

"Halafu gari likaenda mbele kiasi gani?"

Alifumba macho. Binti yake aliacha kurekebisha kamera. Alisema palikuwa na tangi la maji la saruji, limepasuka, na safu ya mikaratusi. Walipita tangi. Udongo ulikuwa mgumu wakarudi nyuma, upande wa mikaratusi, kwenye udongo laini. Nilimwambia achukue kalamu achore. Akachora, na binti yake akakishika kile kikaratasi mbele ya kamera. Nikapiga picha ya skrini, kisha nyingine, nikiogopa VPN.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza namna hiyo," mzee akasema. Alisema kama anayelalamika.

Dada alikuwa analia sasa. Mchungaji akaanza sala ya kufunga na mtandao ukakatika katikati. Mteja wangu, pembeni, alikuwa ameuma kidole.

"Haukumusamehe," akasema.

"Hapana."

"Lakini amesema." Akakisogeza kiti. "Kumbe alikuwa anajua siku zote ile."

"Siku zote hizo, mama."

Nilimtumia dada zile picha za mchoro, akazipeleka serikalini, na wachimbaji wao wakaenda naye. Tangi lilishabomolewa, ila mikaratusi ilikuwepo, mizee. Siku ya pili walipata mifupa ya mtu mmoja, na kiatu. Dada alinitumia picha ya kiatu na mimi nikaituma kwa mama Morogoro, kosa ambalo bado najilaumu kwalo. Mama alianza kutafuta sanda. Alitaka kwenda, lakini pasi yake ya kusafiria ilikuwa imeisha muda. Nikaanza kuhangaikia pasi kwa simu nikiwa huku.

Majibu ya vipimo vya vinasaba yalikuja baada ya miezi. Hakuwa baba.

Nilimpigia dada nikamwambia arudie kusoma, huenda kayaelewa vibaya. Akarudia. Mifupa ilikuwa ya kijana wa jimbo jingine, mpigania uhuru naye, ambaye familia yake ilishaacha sampuli za mate kwenye hifadhi ya serikali kwa ajili ya kumtafuta. Polisi waliwahi kuwaambia kwamba kijana wao alikimbilia nje ya nchi.

Maana yake mzee alikuwa amechora kaburi sahihi la mtu mwingine. Aliowazika walikuwa wengi, na wamemchanganyikia.

Dada alimtafuta mzee aseme tena. Safari hii alijibu wakili. Msamaha wa tume, wakili aliandika, ulihusu yale tu ambayo mteja wake aliyakiri. Huyu kijana hakuwahi kukiriwa. Kwa hiyo mteja wake anaweza kushtakiwa, na kwa hiyo mteja wake hatasema neno lolote, kwa mtu yeyote, kuhusu kaburi lolote. Mchungaji naye aliandika, akasema amehuzunika kwamba mchakato umeharibika. Sikumjibu, kwa sababu majibu niliyokuwa nayo hayakufaa kuandikiwa mchungaji.

Nilimweleza mama taratibu.

"Huyo kijana ana nani?" akauliza.

"Ana kaka yake. Wazazi walishakufa."

"Basi aende kwao," akasema. "Na sanda ampelekee dada yako, asizikwe na vitambaa vya serikali. Wa kwetu tutamtafuta."

Dada alikwenda mazishini. Aliniambia kaka wa marehemu alimshika mikono na asijue amshukuru vipi mtu aliyekuja kutafuta wake akampata wa mwenzie.

Waendesha mashtaka wakafungua faili. Wakataka maelezo yangu ya kiapo, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuliza yale maswali na picha za mchoro ninazo. Nilikwenda kwenye ofisi ya kuthibitisha nyaraka nikachukua namba, nikasubiri asubuhi nzima. Karani alikuwa binti mwenye miwani, mpole. Alisoma fomu yake, akaniuliza kwa Kichina: "Marehemu ni nani yako?"

"Si mtu wangu."

"Hapa panatakiwa uhusiano."

"Hatuna uhusiano. Sijawahi kumwona. Aliuawa na mtu aliyemuua baba yangu."

Akatazama fomu, akanitazama mimi. "Basi niandike baba?"

"Hapana. Baba hajapatikana. Andika shahidi."

Akasema kisanduku cha namna hiyo hakuna, akainuka kwenda kumwuliza mkubwa wake. Nilimsubiri. Aliporudi aliandika kwa kalamu pembeni ya kisanduku, nje ya mstari: shahidi. Akagonga muhuri, akaniambia nirudi Jumatano kuchukua tafsiri.