Kitanda cha Odile Juu ya Maji

Musafiri wa Nyangwe alikuwa na bwato wa mbao, mrefu hatua kumi na mbili, wenye motere ndogo nyuma na paa la turubai lililosimama juu ya nguzo sita. Kwa miaka ishirini na mitatu alipandisha watu na mizigo mpaka bandari ya Kasongo, akawarudisha. Watu waliuita bwato wa Musafiri, lakini mwenyewe alijua aliyeuendesha ni mke wake, Odile. Odile alikaa mbele juu ya magunia, mguu mmoja ukining'inia nje, akijua nani anashuka wapi, muhogo wa nani umelowa, na abiria yupi asikalishwe karibu na yupi. Mchanga wa mto ukihama, yeye ndiye aliyeuona kwanza. Musafiri alishika usukani tu na kutii mkono wa mke wake ukielekeza kulia au kushoto.

Maumivu yalimwanzia Odile kwenye nyonga. Akasema ni magunia. Akanywa majani ya dawa, akachanjwa, akakandwa kwa mafuta ya mawese ya moto, na maumivu yakapanda mgongoni bila kujali. Mvua zilipokolea, hakuweza tena kukaa. Walijaribu kumpeleka Kasongo kwa pikipiki, na kwenye shimo la kwanza tu alipiga kelele hata dereva mwenyewe akazima na kukataa kuendelea.

Ukabaki mto. Musafiri akatandika godoro juu ya mbao za bwato, akamlaza, akawasha motere. Hawajapita hata kona ya kwanza, Odile akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Elsa, rudi."

"Ni nini?"

"Mashini inaingia mu mifupa. Rudi, nakuomba."

Katika maisha yake yote na yeye, Musafiri hakuwahi kumsikia mwanamke yule akisema nakuomba. Aligeuza bwato papo hapo.

Aliwahi kuona amaka, kile kitanda cha nguo kinachotundikwa, mara moja tu, katika mashua ya mhandisi aliyekuja kupima kina cha mto. Mzungu yule alilala humo mchana kama nanasi ndani ya wavu, na watu wa Nyangwe walicheka. Sasa Musafiri alikaa ufukweni akijaribu kukumbuka kile walichokuwa wakikicheka. Alishona vikwembe viwili vizito, nguo za kujifunga za mke wake, kimoja juu ya kingine. Kila upande akafunga nyuzi kumi na sita za wavu wa samaki, zote zikakusanyika katika kitanzi kimoja cha kamba ya nailoni, akafunga vitanzi kwenye nguzo za paa.

Mara ya kwanza alikaza sana. Alipojilaza yeye mwenyewe, nguo ikamkunja mabega kama jani la kufungia chikwangue, ule mkate wa muhogo. Akalegeza mpaka ikashuka tumbo, na mgongo nao ukapinda. Akahangaika nayo asubuhi nzima, na ni kwa bahati tu, alipokuwa akigeuka ashuke, alijikuta amelala mshazari, kichwa upande huu na miguu upande ule, na mgongo umenyooka. Akabaki pale, ametulia, akitazama turubai. Kisha akashusha amaka yote mpaka ikabaki shibiri moja tu juu ya mbao, kwa sababu bwato mwembamba ukibebeshwa mtu juu unayumba.

Ilibaki motere. Aliweka bakuli la maji katikati ya nguo, akawasha. Maji yakatetemeka yote, viduara vidogo vidogo, na Musafiri akaona waziwazi kile mke wake alichokuwa akikisikia mifupani. Mtetemo ulitoka kwenye ubao, ukapanda nguzo, ukapita kwenye kamba. Akakata mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, akafanya pete nne, akazitia kati ya kamba na nguzo. Akawasha tena. Maji yakatulia, yakawa kama yamo ndani ya nyumba.

Alilia hapo, peke yake, motere ikinguruma. Alidhani ameshinda kitu.

Odile alilazwa ndani ya amaka asubuhi iliyofuata. Bwato ulipopandisha mto, Musafiri hakuangalia mbele, alimwangalia yeye. Kabla ya kufika penye mawe ya mtoni, alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu wiki nyingi. Bandarini wanaume wanne waliifungua amaka, wakaipitisha kwenye mti mrefu wa mwanzi kama kipoyi, machela ya mabegani, wakambeba mpaka hospitali ya mjini.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Dokta Naomie. Alimpima Odile kwa upole, akatazama picha ya mifupa, kisha akavuta kiti karibu na kitanda. Hakuzungumza na Musafiri. Alizungumza na mgonjwa.

"Mama, ni kansa. Ilianza mahali pengine, sasa imefika mu mifupa. Dawa ya kuiponya mi sina."

"Ingekuwa nilikuja mapema?"

Daktari aliiweka ile picha chini. "Pengine ningekuwa na mengi ya kujaribu," akasema.

Odile akafumba macho. Musafiri akakumbuka mvua zote walizongoja kwa majani na mafuta ya mawese. Walipewa vidonge vya maumivu, na maneno ya namna ya kuvitumia.

Kurudi ni kushuka na maji. Walipoachana na bandari Odile akasema, "Zima motere, Baba Elsa. Mto unajua njia." Basi wakateremka kimya kutwa nzima, Musafiri akisukuma kwa kafi tu pale bwato ulipotaka kukaa upande. Mara mbili tatu Odile aliinua mkono kutoka ndani ya nguo. "Kushoto. Kule mbele kuna mchanga." Na kweli, ulikuwapo.

Walipofika Nyangwe, Odile alikataa kushuka. "Humu mi napumua," akasema. "Mu nyumba nitaumia." Musafiri akaufunga bwato penye kivuli, akampikia ufukweni, akamwosha, akalala kwenye mbao kando yake. Wanawake waliingia majini mpaka magotini kumsalimia. Alicheka hata, siku ya pili, juu ya abiria mmoja wa zamani aliyewahi kushuka na mbuzi wa mwingine. Vidonge vilipungua lakini vilimtosha.

Siku ya tano akaja Clovis, kaka mkubwa wa Odile, ametoka Wamaza kwa miguu. Alisimama ufukweni na viatu mkononi, akaitazama amaka.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Ni pale anapata nafuu."

"Dada yangu hawezi kufia mu maji kama mufuko wa muhogo. Iko na nyumba. Iko na watu. Watasema tumemutupa."

"Muulize mwenyewe."

Clovis hakumwuliza. Alianza kulia kwa sauti, na wajomba waliokuja naye wakaanza kusema, na mama mmoja wa kanisa akasema padri hatakubali kuingia bwatoni kumpaka mafuta matakatifu. Musafiri alitazama nyuso zile zote. Aliweza kusema hapana. Neno lilikuwa kinywani mwake, alilisikia uzito wake. Lakini alikuwa amechoka, naye alikuwa mgeni kwenye ukoo ule tangu siku ya mahari, na alisema, "Sawa."

Odile alisikia. Alimtazama mume wake tu, akageuza uso.

Nyumbani Musafiri alijaribu kuitundika amaka. Ukuta ulikuwa wa udongo. Msumari ulitoka na bonge zima. Akafunga kwenye mti wa dari, na mti uliokuwa umeliwa na mchwa ukalia, watu wakamzuia. Wakamlaza Odile kwenye kitanda cha miti. Vidonge viliisha usiku ule ule. Odile alilia siku mbili, kwanza kwa sauti, kisha kama mtoto mdogo aliyechoka, na Alhamisi saa nane mchana akafa, nyumba imejaa watu, wote wakiimba.

Baada ya matanga Clovis alibaki. Musafiri alikuwa amejiandaa. Kwa siku zote zile alikuwa akipanga maneno ya kumwambia: kwamba dada yako alikuwa akipumua, kwamba alikuwa akicheka, kwamba ulimtoa mwenyewe ukamlaza kwenye miti. Walikaa wawili nje ya mlango. Alifungua kinywa.

Clovis akatangulia. "Nilimusikia, shemeji," akasema. "Siku mbili zote. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Mi ndiye nilimutoa mule." Akaweka uso mikononi, mwanaume mwenye mvi, akalia.

Musafiri akafunga kinywa. Hapakuwa na pa kuyaweka maneno yale tena. Akanyoosha mkono, akauweka kwenye mgongo wa shemeji yake, na mkono ukabaki pale kwa muda mrefu, bila kumfariji Clovis wala kumfariji yeye mwenyewe.