Jiwe Alilomletea Wahu

Thuo wa Kinoo alikuwa fundi wa mawe, na kama hujawahi kumtazama fundi wa mawe wa kweli akiwa kazini, huwezi kujua tofauti ya kuvunja na kupasua. Kuvunja hata ng'ombe anaweza. Thuo aligonga jiwe kwa nyundo ndogo, akatega sikio, akagonga tena kando kidogo, halafu akaweka tindo pale ambapo jiwe lenyewe lilitaka kuachana. Kuta kadhaa za mtaa wa Kilimani zimepita mikononi mwake, ingawa wenye nyumba hizo hawamjui hata kwa jina.

Lakini bingwa huyu wa mawe alikuwa hamjui samaki, na si kosa lake. Kwao, kama kwa Wakikuyu wengi wa umri wake, samaki hakuwa chakula. Alikuwa ndugu wa nyoka aliyehamia majini. Mkewe, Wahu, aliwahi kuletewa samaki wa kupaka na Salme, mke wa rafiki yao Mabruki. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana, na wageni walipoondoka akaizika nyuma ya zizi, sahani na vilivyomo. Ndivyo Thuo alivyofika miaka hamsini bila kuuona mfupa wa samaki hata mmoja.

Huyo Mabruki alikuwa mtu wa Mombasa, karani katika duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji, ambako Thuo alinunua tindo zake. Mwaka wa 1973 alipata wageni kutoka Denmark: Aksel, waliyekuwa wakiandikiana barua tangu wangali wanafunzi, pamoja na mkewe Birte. Aksel alikuwa mwalimu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, samaki waliogeuka mawe. Alikuwa na barua ya ruhusa ya kuchimba, na siku moja iliyobaki kabla ya safari ya kurudi kwao. Mabruki akasema mambo ya mawe aachiwe Thuo. Wakampitia asubuhi pale kwenye maduka ya Adams Arcade, karibu na ukuta aliokuwa akiujenga, wakashika Barabara ya Ngong mpaka ikaisha, wakateremka upande wa pili wa milima, kwenye joto la bondeni.

Thuo alilitambua korongo lile kabla gari halijasimama. Miaka saba nyuma alikaa pale wiki tatu akichonga mawe ya kujengea josho la ng'ombe. Aksel akafungua daftari lake na kumwonyesha mchoro, ili ajue wanachotafuta: uti mrefu katikati, na mifupa myembamba imejipanga huku na huku.

Thuo aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu hata Aksel akadhani haujamwingia, akaanza kumweleza upya kwa mikono. Ulikuwa umemwingia kupita kiasi. Pale pale, siku zile za josho, alipasua bamba jeupe likafunguka sawa na kitabu, na ndani mlikuwa na kitu hicho hicho. Yeye aliona jani. Aliona kangaga, yale majani ya mtoni ambayo Wahu aliyakata kila Krismasi kupambia kanisa. Akalifunga bamba katika koti lake ampelekee, akijua jinsi atakavyocheka. Kesho yake mjumbe akafika, naye alikuwa amehangaika siku nyingi kumtafuta. Thuo alipofika Kinoo, Wahu alikuwa na siku mbili ardhini. Hakulia mbele ya watu, wala hakumlaumu mtu. Alilaza jiwe lile juu ya kaburi na kulizungushia saruji, na tangu hapo ndilo jambo pekee katika maziko ya mkewe aliloweza kusema amelifanya yeye.

Usilolijua ni usiku wa kiza. Kumbe miaka saba alikuwa amemlaza chini ya samaki mwanamke aliyezika hata sahani.

Siku ile alifanya kazi huku moyo umemjaa aibu. Alipasua bamba baada ya bamba, na Aksel akachungulia kila moja. Wakapata magamba, na mkia mmoja usiozidi ukucha. Aksel alishukuru kwa kila kipande, jambo lililozidi kumuumiza Thuo, maana alijua anachokitaka mgeni kiko wapi.

Mchana, wakila chapati kivulini, akamwambia Mabruki yote, na ya sahani pia. Mabruki alicheka hadi chai ikampalia. Kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikakoma.

"Nyamaza tu, ndugu yangu," akasema. "Mimi simwambii mtu. Marehemu ana jani lake, nawe baki na jani lako."

"Mimi sasa nishajua," Thuo akajibu. "Nikisimama pale nitamwambia nini? Nitakuwa namdanganya kila siku."

Saa tisa Thuo alifungasha vyombo, akaomba warudi kwa njia ya Kinoo, kwake, kuna jiwe la kuonyesha wageni.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Thuo alitangulia, tindo mkononi, kwa kuwa njiani alikuwa ameshaamua: samaki ang'olewe, mgeni ampeleke wanakopelekwa samaki wa mawe, na Wahu atafutiwe jiwe safi. Aksel alivua kofia. Aliuliza kwanza aliyelala pale ni nani, akaomba ruhusa ya kufuta vumbi, ndipo akapiga magoti. Aliifuata mifupa kwa kidole, akazungumza kwa sauti ya chini, na Mabruki akatafsiri.

"Anasema kule korongoni kulikuwa na ziwa. Huyu alifia kwenye maji yaliyotulia, tope likamfunika taratibu. Hakuna mfupa hata mmoja uliosogezwa. Anasema hajapata kuona aliyezikwa vizuri namna hii."

Thuo aliomba arudiwe maneno ya mwisho. Akarudiwa.

Alipoinama na tindo, Aksel alimshika mkono na kukataa. Alichotaka ni kuweka karatasi juu ya jiwe na kusugua penseli mpaka umbo litokee, basi. Upepo ukawa unaipeperusha karatasi. Birte akashika upande mmoja na Thuo upande wa pili, na mfupa mmoja mmoja ukajitokeza mbele ya macho yake.

Karatasi ilipokwisha kukunjwa, Thuo hakuinuka. Alisema na mkewe kwa Kikuyu, wala hakupunguza sauti.

"Mama Wamucii, nilikosea. Si kangaga, ni samaki. Lakini hana nyama wala harufu, nimemkagua mwenyewe." Akaweka kiganja juu ya jiwe. "Na siku ile sikuwepo. Walikuzika sikuwepo. Hilo sijawahi kukuomba msamaha. Nisamehe."

Akalia pale pale, mbele za watu. Aksel alimgeukia Mabruki kutaka kujua amesema nini, na Mabruki, aliyekuwa ametafsiri tangu asubuhi na aliyeelewa kila neno, akatikisa kichwa.