Afrika ya Baba Mdogo

Sisi tuliokulia Mjimwema, hapa Songea, wakati mitumba inaanza kufurika sokoni, tunajua raha ya kutoka shule na jembe begani ukakuta mama amechoma usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Rede tulicheza mpaka mpira wa matambara unafumuka. Watoto wa leo wakitumwa dukani wanataka wapewe pole.

Jioni tulipukuchua mahindi uani, na Baba Mdogo Kasto akatusomesha Afrika. Alikuwa ametoka chuoni Dar na mashati ya vitenge, hataki tena kuitwa Kasto, eti jina la Wazungu. Mama alimwita Kasto vilevile na aliitika, maana mpakua ugali ni mama. Alisema elimu ilianzia kwetu, tulikuwa na wafalme na malkia, na mtu mweusi asipojitazama kwa macho yake mwenyewe atatawaliwa hata akiwa na bendera. Nilimwamini. Zile krimu za kung'arisha uso zilipoingia madukani sikuzigusa, na mpaka leo sijazigusa.

Nilipomaliza la saba nikachaguliwa kwenda sekondari. Ada zilikuwa zimerudi, fedha ilimtosha mmoja, mimi au kaka yangu, na baba akamwuliza mdogo wake, maana ndiye msomi wetu. Nilikuwa palepale, gunzi mkononi, moyo umetulia. Mtetezi ninaye.

Akasema shule hizo ni za kizungu, zinaharibu mabinti. Binti wa Kiafrika hufundwa na mama yake jikoni.

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Na wale malkia wako wa kila jioni, shemeji, walifundwa jiko gani?"

Baba Mdogo akacheka. "Shemeji nawe una maneno."

Baba hakucheka, lakini sekondari alikwenda kaka yangu. Mimi nikabaki na jembe.

Sisemi Baba Mdogo alitudanganya. Jioni zile nazipenda bado. Alituketisha, akatutazama usoni. Siku hizi wajukuu wangu wananing'iniza ramani ya Afrika shingoni na kubishana habari za mtu mweusi huku macho yako kwenye simu, na hindi hakuna anayejua kulipukuchua. Mkubwa wao, mvulana, anahutubia kama Baba Mdogo mwenyewe. Dada yake, yuko kidato cha tatu, anamkatiza katikati ya maneno. Enzi zetu msichana wa hivyo angechapwa. Mimi nageukia dirishani, namwacha binti amalize.